Mnara Usio na Majina: Kufundisha Vita Kuu ya 1914–1918 katika Shule za Mpakani

Utangulizi

Makala haya yamekusudiwa walimu wa somo la Historia na wanachuo walio katika mazoezi ya kufundisha, hususan wale wanaopangiwa shule za Tunduma, Momba, Mbozi na Ileje. Yanaeleza namna mwalimu anavyoweza kufundisha Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia kwa kutumia mnara wa kumbukumbu kama zana yake kuu. Msomaji anayeujua mji wa Tunduma atauliza papo hapo: mnara upi? Huko tunajua foleni ya malori, tunajua reli ya TAZARA, tunajua Kimondo cha Mbozi pale Ndolezi, ambacho watoto hupelekwa kukitazama kila mwaka. Mnara wa vita uko wapi?

Swali hilo ndilo mlango wa somo. Alama za mawe zinazojulikana zaidi za mwisho wa vita hivyo katika Afrika ziko ng'ambo ya mpaka, katika nchi ya Zambia. Moja iko katika mji mdogo wa Mbala, ambao Waingereza waliuita Abercorn. Nyingine iko kando ya mto Chambeshi, kusini ya Kasama. Jeshi linalokumbukwa hapo lilifika huko baada ya kupita katika ardhi ambayo leo ni Mkoa wa Songwe. Mwanafunzi wa Tunduma anaishi njiani, na mawe yamesimikwa mwisho wa safari.

Nilipata haja ya kuandika haya baada ya kukaa nyuma ya darasa moja la kidato cha pili, nikimkagua mwanachuo. Kijana yule alikuwa amejiandaa vizuri. Aliandika ubaoni mauaji ya Sarajevo ya Juni 1914, mikataba ya mataifa ya Ulaya na Mkataba wa Versailles wa 1919, na wanafunzi walimjibu bila kukosea. Kipindi kikikaribia kwisha, msichana mmoja alinyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, na huku kwetu vita vilifika?" Mwanachuo akajibu kwamba huku palikuwa pori tu. Sikumlaumu sana, kwa sababu nami nilipoanza kazi nilifundisha hivyo hivyo kwa miaka kadhaa. Tulifundishwa vita vya Wazungu, tukavifundisha kama vita vya Wazungu.

Vita vilivyopita mlangoni

Kabla ya kuingia darasani, mwalimu hana budi kuwa na matukio machache ya hakika, yaliyopangwa kwa miaka. Asitafute mengi.

Mpaka unaopita Tunduma ulitokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890. Mapatano hayo yaliwagawa Wanyamwanga, ndugu wa ukoo mmoja wakawa raia wa dola mbili. Vita vilipoanza Agosti 1914, jamaa waliokuwa wakioana na kuzikana walijikuta wakiitwa maadui. Mwezi Septemba mwaka huo Wajerumani walivuka mto Songwe wakashambulia Karonga, na wakati huo huo wakashambulia Abercorn. Upande wa Waingereza, mwendo mfupi kutoka Tunduma ya leo, lilikuwako boma la Fife, nalo halikusalimika na mashambulio. Mwaka 1915 ngome ya Saisi, iliyo kati ya Fife na Abercorn, ilizingirwa kwa siku kadhaa. Mwezi Mei 1916 majeshi ya Jenerali Edward Northey yalivuka mpaka yakielekea ngome za Wajerumani za Namema, Luwiwa, Igamba na Ipyana. Mtoto wa Mbozi akisikia jina la Igamba likitajwa katika habari za vita ya dunia, huinua kichwa. Mwalimu na anyamaze kidogo hapo, amwache mtoto alitafakari jina hilo.

Sehemu ya mwisho ndiyo inayotufikisha kwenye mnara. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeongoza jeshi la Wajerumani, alikuwa amesukumwa hadi Msumbiji. Mwishoni mwa Septemba 1918 alivuka tena mto Ruvuma kurudi kaskazini, akapita Njombe, akawaacha wagonjwa huko, kisha akageukia magharibi. Jeshi lake likapita Mbozi. Mwanzoni mwa Novemba likaishambulia Fife lakini halikuitwaa, likaendelea kusini-magharibi, na tarehe 9 Novemba likaingia Kasama. Huko Ulaya bunduki zilinyamazishwa tarehe 11. Huku hakuna aliyejua. Watu waliendelea kupigana, na hasa waliendelea kubeba, hadi habari ilipofika Chambeshi. Tarehe 25 Novemba 1918, siku 14 baada ya vita kwisha Ulaya, jeshi hilo liliweka silaha chini pale Abercorn. Kwa kumbukumbu za siku ile, waliojisalimisha walikuwa Wazungu 155, askari Waafrika zaidi ya 1,100 na wapagazi wapatao 1,500. Wenyeji wa Mbala husimulia kwamba silaha zilitupwa katika ziwa Chila, lililo karibu na mji.

Mwalimu aziandike ubaoni hizo tarakimu tatu, moja chini ya nyingine, na asizifute hadi mwisho wa kipindi.

Kulisoma jiwe

Ziara ya mafunzo ni njia bora, lakini kumvusha mpaka mwanafunzi mmoja ni kazi, seuze arobaini. Hati za kusafiria, ridhaa za wazazi na nauli vitaimaliza nia njema ya mwalimu kabla ya basi kuondoka Nakonde. Kwa hiyo nashauri mwalimu aende peke yake siku za likizo, achore au apige picha, kisha azikuze kwenye bango la manila. Mbala kuna pia makumbusho ya Moto Moto, ambako atajifunza mengi juu ya maisha ya watu wa nyanda zile. Asiyeweza kwenda atumie michoro, maana kinachofundishwa hapa ni kusoma maandishi, na maandishi huweza kusomwa popote.

Maandishi ya Chambeshi ni mafupi. Yanataja siku, Alhamisi tarehe 14 Novemba 1918. Yanataja saa, saa moja na nusu asubuhi. Yanamtaja jenerali wa Wajerumani, na yanamtaja Hector Croad, Mwingereza aliyekuwa mtawala wa wilaya ya Kasama, ambaye ndiye aliyemfikishia habari za kusimamishwa vita. Yanaeleza masharti na safari ya kwenda Abercorn. Mwalimu asome kwa sauti mara mbili, polepole, kisha aulize swali moja tu: ni nani hakutajwa?

Nimeliona swali hili likiulizwa katika madarasa mawili tofauti. Mwanzoni wanafunzi hutazamana. Wamezoea kuulizwa kilichomo katika habari, hawajazoea kuulizwa kisichomo. Baadaye mmoja hutazama tarakimu tatu zilizoko ubaoni, kisha hulitazama jiwe, na jibu huja. Wametajwa wawili, na wote ni Wazungu. Wale askari 1,100 na wapagazi 1,500, na wengine kama wao wa upande wa Waingereza, hawana hata herufi moja.

Hapo mwalimu alete maandishi ya pili, ya Mnara wa Askari ulioko Dar es Salaam. Sanamu ile ya shaba nyeusi, kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson, ilizinduliwa mwaka 1927 mahali palipokuwa na sanamu ya gavana Mjerumani Hermann von Wissmann. Maandishi yake yako kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu, na kwa Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling. Hayo yanawataja wapagazi, yakiwafananisha na miguu na mikono ya jeshi. Yanamwahidi pia mtu atakayekufa akiipigania nchi yake kwamba wanawe watalikumbuka jina lake.

Ahadi hiyo inahitaji dakika kumi za darasa. Waulize wanafunzi: watalikumbuka jina lipi, ikiwa juu ya mnara hakuna jina hata moja? Na nchi ile ilikuwa ya nani? Mpagazi wa Momba aliyechukuliwa na Wajerumani mwaka 1915, na nduguye wa upande wa Fife aliyechukuliwa na Waingereza, walikuwa wakiipigania nchi ipi? Mwalimu asiwe mwepesi wa kujibu. Atambue pia kwamba sanamu ya Dar es Salaam ni ya askari mmoja aliyeshika bunduki yenye singe. Katika sanamu za Nairobi mpagazi amesimamishwa pamoja na askari. Tofauti hiyo ni nzuri kwa mjadala, hasa kwa wanafunzi wanaopenda kuchora.

Kwa nini majina hayakuandikwa? Mwalimu asiseme kwamba hayakujulikana, kwa maana hilo si kweli kwa wote. Tume ya makaburi ya vita ya dola ya Kiingereza iliundwa mwaka 1917 juu ya msingi kwamba kila aliyekufa apewe jiwe au jina, awe mkubwa au mdogo. Msingi huo ulifuatwa Ulaya. Katika Afrika Mashariki watawala waliamua kwamba Waafrika watoshelezwe na minara ya jumla. Mwaka 2021 tume hiyo, ambayo sasa ni ya Jumuiya ya Madola, ilitoa taarifa iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Iliomba radhi. Habari hii wanafunzi wa kidato wanaweza kupewa yote. Kwa darasa la saba inatosha kuwaambia kwamba ulikuwa uamuzi wa watu waliokaa mezani wakakubaliana.

Hesabu ya mpagazi

Sehemu ninayoithamini kuliko zote katika somo hili hufanywa kwa chaki na kwa kujumlisha na kutoa. Mwalimu wa Historia aombe ushirikiano wa mwalimu wa Hisabati ikiwezekana. Ikiwa haiwezekani, aifanye mwenyewe.

Nchi yetu wakati ule ilikuwa na mbung'o, hivyo punda na ng'ombe walikufa wengi. Barabara ya Stevenson, iliyoanzwa mwaka 1881 kuunganisha ziwa Nyasa na ziwa Tanganyika, kwa sehemu kubwa ilikuwa njia ya miguu tu. Urefu wake ulikuwa kilomita 340 hivi. Mzigo wa mpagazi ulikaribia kilo 25, mbali na chungu chake na mkeka. Tuchukulie anakula kilo moja ya unga kwa siku na anatembea kilomita 20. Basi mpagazi anaondoka Karonga na kilo 25 za unga kichwani kuwapelekea askari walioko mwisho wa barabara.

Anatembea siku 17. Akila katika mzigo wake, anakuwa amekula kilo 17, na anafikisha kilo 8. Wanafunzi hucheka hapo, wakidhani ni fumbo. Sasa arudi. Kurudi ni siku 17 nyingine, kwa hiyo anahitaji kilo 17. Hata akirudishiwa kilo zote 8 alizofikisha, anapungukiwa kilo 9. Yaani mtu huyu hakupeleka chochote, na bado ana njaa ya siku tisa.

Wacha darasa likae na tarakimu hiyo. Kisha endelea: askari 100 wanahitaji kilo 100 kila siku. Ikiwa kila mpagazi anafikisha kilo 8, lazima wapagazi 13 wafike kambini kila siku. Siku 17 za kwenda na 17 za kurudi zinafanya 34, na 13 mara 34 ni 442. Kwa kuwalisha askari mia tu, wanatakiwa wapagazi zaidi ya mia nne walio njiani usiku na mchana, na bado hatujawapa chakula cha kurudia, wala hatujabeba risasi, dawa, wala machela za wagonjwa. Mwanafunzi mwerevu atasema kwamba majeshi yaliweka maghala njiani na kubadilishana wapagazi kwa zamu. Ni kweli, na asifiwe. Lakini zamu zilipunguza mwendo wa mtu mmoja, hazikupunguza matumbo yaliyokuwa njiani.

Sasa uliza: zile kilo 9 zilitoka wapi? Zilitoka katika maghala ya vijiji. Zilitoka Mbozi na Ileje na Unyamwanga, katika nyumba ambazo mwenye nguvu wa kulima alikuwa tayari amechukuliwa kubeba. Mwanafunzi aliyefanya hesabu hii kwa mkono wake ataelewa njaa ya wakati wa vita bila kukaririshwa. Ataelewa pia kwa nini homa kali ya mafua iliyoenea duniani mwaka 1918 iliwakuta watu wetu wakiwa wamechoka. Kwa jumla, Waingereza peke yao walitumia wapagazi wanaokaribia milioni moja katika vita vya Afrika Mashariki, na hesabu zao wenyewe zinakiri vifo zaidi ya 90,000, ambavyo vingi vilisababishwa na maradhi na njaa.

Neno la kuangalia ni Kariakoo. Karibu kila mtoto wa Tunduma anajua kwamba Kariakoo ni soko la Dar es Salaam ambako wafanyabiashara wetu hufuata bidhaa. Wachache wanajua kwamba jina hilo ni matamshi yetu ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, ambacho kambi yake ilikuwa hapo baada ya Waingereza kuutwaa mji mwaka 1916. Nairobi nako kuna Kariokor. Ng'ambo ya Songwe na Nakonde wapagazi waliitwa tenga-tenga. Maneno hayo yamedumu midomoni mwa watu bila mchongaji wala gavana.

Jambo la kuangalia

Wanafunzi, hasa wavulana, humpenda jenerali. Habari za mtu aliyekimbizwa miaka minne bila kukamatwa ni tamu, na vitabu vingi vimezipamba. Mwalimu asiwakataze, ila kila wanapomtaja jenerali awarudishe kwenye ile hesabu: ushujaa huo ulibebwa na nani, na ulikula unga wa nani? Mwaka 1964, mwaka aliokufa Lettow-Vorbeck, Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari wake wa zamani waliokuwa bado hai. Malipo yalikuwa ya askari. Mpagazi hakuwa na bunduki ya kuonyesha wala amri za kijeshi za kukumbuka.

Mwalimu ajihadhari pia na kosa la pili, la kuwafanya babu zetu wote kuwa watu wa kuburutwa tu. Wako waliokimbilia milimani, wako waliovuka mpaka usiku kwa jamaa zao, wako waliokwenda kwa ujira. Na wako waliosema wazi. Baada ya mapigano ya Karonga, mhubiri John Chilembwe wa Nyasaland aliandikia gazeti la nchi ile, Novemba 1914, akihoji kwa nini Mwafrika afe katika vita asivyovijua, huku wakati wa amani akiwa hana haki. Januari 1915 aliongoza uasi, na mwezi uliofuata aliuawa. Yeye ni jirani yetu, na maneno yake yaliandikwa vita vikiwa na miezi mitatu tu.

Kwa kulinganisha, mwalimu ataje makaburi ya Kaboya, wilayani Muleba, walikolazwa zaidi ya askari 600 wa Tanzania waliokufa katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Hao walizikwa na nchi yao wenyewe, nayo huwakumbuka kila Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai. Siku hiyo huwekwa mnarani ngao na mkuki, sime, upinde na mshale, shoka na shada la maua. Ni sherehe yenye heshima, na wanafunzi waisikilize redioni. Mmoja wa wanafunzi niliowasikia aliuliza kama pamewahi kuwekwa kata ya kichwani, ile ya majani ambayo mbebaji huweka chini ya mzigo. Sikuwa na la kumjibu, nikamwambia aliandike swali lake.

Kuwauliza wazee

Kazi ya nyumbani ndiyo itakayoonyesha kama somo limeingia. Wazee walio hai leo hawakuviona vita hivyo, lakini mtu wa miaka themanini amekaa jikoni na bibi aliyeviona. Wakati wa kuuliza ni mfupi, na kila mwaka unapungua.

Wanachuo wengi huwatuma watoto na swali baya. Mtoto huingia uani akauliza, "Je, babu yako alikuwa mpagazi?" Mzee huona aibu au hudhani ni mambo ya kodi, akajibu hapana, na mlango ukafungwa. Watoto wafundishwe kuanza na kitu. Nitatoa mfano wa mazungumzo yanayofaa:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu."

"Ahsante bibi. Tumetumwa na mwalimu tuulize habari za kale. Ulipokuwa mdogo, wakubwa walikuwa wakisema nini juu ya njaa ya wakati wa vita vya Wadachi?"

"Hee, hiyo? Mama yake mama alikuwa akisema walikula mizizi. Walificha mtama katika shimo, askari wakatoboa ardhi kwa mikuki."

"Na wanaume walikuwa wapi, bibi?"

Swali la mwisho ndilo lililokusudiwa tangu mwanzo, lakini limekuja kwa zamu yake, na bibi atalijibu kwa majina. Mtoto aandike majina kama yalivyotamkwa, kwa lugha ya nyumbani, asiyageuze. Aandike nani kasema na siku gani. Asipopata jina, aandike alichopata: mto waliouvuka, wimbo, jina la utani, mtu "aliyekwenda asirudi". Ikiwa mzee hataki kusema, mtoto ashukuru aondoke. Kwa upande wa mpakani, jamaa wengi wana wazee Nakonde. Anayekwenda huko kwa harusi au msiba anaweza kubeba daftari.

Andalio kwa ufupi

Somo hili huhitaji vipindi vitatu vya dakika 40. Cha kwanza ni cha ramani na matukio, na mwalimu akimalize kwa zile tarakimu tatu. Cha pili ni cha kusoma maandishi ya Chambeshi na ya Dar es Salaam; akitumia zaidi ya nusu ya kipindi kwenye ahadi ya jina, hajapoteza wakati. Cha tatu ni cha hesabu. Zana ni ramani iliyochorwa kwa mkono, mabango mawili ya manila, chaki, na mzigo. Mzigo huo ni mfuko wa mchanga wa kilo 25, uliopimwa dukani mbele ya wanafunzi. Wanafunzi wakubwa wauinue kwa zamu na watembee nao kuzunguka uwanja mara moja, bila kulazimishwa, na wenye udhuru wasiubebe. Nimeona darasa lenye makelele likirudi kimya baada ya mzunguko huo.

Upimaji usiwe wa tarehe pekee. Mwanafunzi apewe kazi ya kutunga maandishi ya jiwe ambalo lingesimikwa Tunduma, yasiyozidi maneno 40, na aeleze kwa maandishi kwa nini amemtaja kila aliyemtaja. Mwalimu asahihishe hasa maelezo hayo. Wako watakaomtaja jenerali, na wana haki, ikiwa wameeleza sababu.

Majina yaliyokusanywa yaandikwe kwa wino katika daftari gumu la shule, kila jina mstari wake, pamoja na kijiji, upande aliokuwako, na jina la aliyesimulia ikiwa ameridhia. Nakala ipelekwe kwa familia. Daftari litunzwe katika kabati la mwalimu mkuu na likabidhiwe kwa maandishi mwalimu anapohamishwa, kwa kuwa daftari nyingi za namna hii zimepotea katika masanduku ya uhamisho. Baada ya jina la mwisho ziachwe kurasa tupu, za darasa la mwaka ujao.